Jeshi Ndani ya Kopo la Bluu

Mabatini, Mwanza
9 Februari 2025

Mjomba Nathaniel, shikamoo.

Barua yako ya Krismasi iliponiuliza kama kopo la bluu la biskuti bado lipo, niliusikia mlio wake kabla sijakumbuka sura yake. Nilikuwa na miaka mitano, tunahama kutoka Sengerema, tuko kwenye kivuko cha Kamanga. Mama alikuwa amekalia godoro lililofungwa kamba, kopo amelipakata. Kivuko kikiyumba, ndani ya kopo kitu kilihama polepole, kwa uzito, kutoka upande huu hadi ule, kama kokoto zinazosogezwa na mtu asiyetaka kusikika. Nikauliza ni nini. Mama akasema, "Watu wa mjomba wako. Wamelala." Safari nzima sikuthubutu kukohoa.

Sasa nikusalimie vizuri. Sisi huku ni wazima. Mama bado anauza dagaa soko la Mwaloni, na goti lake linamsumbua siku za mvua na siku za wageni. Shimba, yule mpwa wako mwingine, ameoa mwezi uliopita huko Sengerema. Nadhani unajua, maana ulitumiwa mwaliko kwenye simu ukajibu kwa alama ya dole gumba. Mimi nafundisha historia kwa kujitolea katika shule moja ya sekondari Nyegezi. Kujitolea maana yake nina vipindi ishirini na vinne kwa wiki, na kila Ijumaa mkuu wa shule ananishukuru.

Bahasha yako ilizua hofu kidogo. Karatasi nene, wino, mwandiko wa kulala. Mama aliigeuza mara mbili akauliza, "Nani amefariki?" Nikamsomea. Nilipofika kwenye habari za kopo, aliniambia niruke hapo nisome salamu za mwisho.

Kopo lipo, juu ya kabati la vyombo, nyuma ya ungo. Sijalifungua kwa sababu siyo langu. Unalitakia nini baada ya miaka yote hii?

Mpwa wako,
Ng'washi


Uingereza
16 Machi 2025

Kwa mpwa wangu mpendwa Ng'washi,

Marahaba, na salamu nyingi kutoka nchi ya baridi. Rose mke wangu hajambo. Watoto hawajambo, ingawa hawaongei na mtu. Mimi ni mzima na kazi ya usafirishaji inaendelea. Imenifariji kuona kijana wa leo anaweza kuandika barua yenye aya.

Uliuliza, nami nitakueleza tangu mwanzo, kwa kuwa labda mama yako hakukusimulia. Mwaka 1986, nikiwa kidato cha pili, tulikuwa na mwalimu wa hisabati kutoka huku Uingereza, tuliyemwita Pembetatu kwa sababu ya mabega yake. Alikuja na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilijaa vijitu vilivyotengenezwa kwa madini ya risasi, kila kimoja kirefu kama kidole cha mwisho: mazimwi wenye meno nje, mbilikimo wenye ndevu na mashoka, wachawi wa kofia ndefu, na askari wa anga za juu waliovaa vyuma mpaka usoni. Palikuwa na kitabu kikubwa cha kanuni za mchezo, chenye michoro. Michoro ile sijui nikuelezeje. Mji umejengwa juu ya mgongo wa joka, na angani, anga ya zambarau, kuna miezi miwili. Nilikuwa nalala bwenini chini ya neti yenye matundu, mwezi wetu mmoja unaingia dirishani, naona hautoshi.

Pembetatu alinipa vyote mwaka uleule. Vijitu tisini na vinne, vitupu, havina hata tone la rangi. Vikapakwa rangi palepale Sengerema, tukavichezea miaka miwili, kisha maisha yakaanza.

Mwaka jana niligundua kwamba hapa mjini kwetu kuna klabu. Kila Alhamisi, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, wanaume wa umri wangu na zaidi wanakutana kushika vijitu vya ujana wao. Wengine hutokwa machozi wakiona kifuniko cha sanduku fulani la zamani. Huku jambo hilo halikufanyi uitwe mtoto, unaitwa mkusanyaji. Niliwapelekea ile picha ya mwaka 1988, vijitu kumi na vinne vimepangwa kwenye dirisha letu. Katibu wa klabu akatoa kioo cha kukuzia. Ukumbi mzima ukasogea, wakawa wanapokezana kioo. Wakasema hawajawahi kuona kazi ya namna ile: mazimwi waliovaa vitenge, macho yenye kope, alama za kivita za Kiafrika vifuani. Wameichapisha katika jarida lao la mwezi, nakuwekea nakala. Jina wameandika langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo.

Tarehe 11 Oktoba klabu inatimiza miaka arobaini na itafanya maonyesho. Wanavitaka vijitu vyote tisini na vinne. Nakuomba uvifunge kimoja kimoja kwa pamba, unitumie.

Halafu, kwa ajili ya kumbukumbu tu, muulize mama yako kama anakumbuka zile rangi nilizitoa wapi, na macho yalichorwa kwa kitu gani. Umri huu mambo yanapotea.

Mjomba wako,
N. Maige


Mabatini
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo, na heri ya Pasaka.

Barua yako ilitembea wiki nne. Mvua imenyesha mpaka ngazi za mawe za huku kwetu zinateleza kama sabuni, na jirani wa juu ametushukia sebuleni mara moja, hakuumia. Mama hajambo. Kwenye ibada ya jana alisimama pale tu alipotaka yeye, na padri amezoea.

Nimemuuliza ulivyoagiza. Alikuwa uani anachambua dagaa, anatoa changarawe.

"Mjomba anauliza zile rangi alizitoa wapi."

"Nani alizitoa?"

"Yeye."

Akacheka puani. "Mwambie nyekundu na nyeupe ni za mitumbwi. Mafundi wakishatupa makopo kule ufukweni, nilikuwa naingiza mkono nakwangua chini. Zambarau na ile ya kumetameta ni rangi za kucha, za duka la kina Falguni pale Sengerema. Zilikuwa zimeanza kuganda, wanawake hawazitaki, wakanipa."

"Na macho?"

"Mwiba wa mgunga. Siyo mkavu, mkavu unakwaruza. Unachuma ambao bado una maji, unauchovya, unasubiri lile tone lipungue lenyewe, ndiyo unagusa. Mara moja tu. Ukirudia umemtia mtu kengeza."

"Umejuaje yote haya?"

"Nilikuwepo," akasema, akaendelea na dagaa.

Baada ya hapo nimelifungua kopo, samahani. Niliazima kioo cha kukuzia cha maabara ya shule, nikakaa mezani mchana mzima, nikasahau kusahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Kuna zimwi lina makovu ya ndui shavuni, yanahesabika. Kuna mchawi ambaye upindo wa kanzu yake umeshonwa, Mjomba, umeshonwa kwa rangi, mishono ya mkono, na mmoja umeachia. Kuna askari wa anga za juu ambaye nilidhani ameshika bunduki. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtu aliyempaka rangi aliona mtu aliyefunikwa uso kwa chuma, akamtambua mara moja, akampa cheche.

Kuhusu alama za kivita za Kiafrika, nimemsomea mama maneno hayo. Aliniomba nirudie, kisha akasema, "Vita gani? Zile ni nguo za ngoma. Nusu ni Bagika, nusu ni Bagalu." Nikamwambia asinitanie. Hatanii. Anasema wewe mwenyewe ulimweleza, kwa mujibu wa kile kitabu, kwamba majeshi mawili yamekutana baada ya mavuno, kama vile vikundi hivyo viwili vya ngoma vya kwetu, na kwamba anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Mlitupa dadu, na watazamaji walikuwa maharage. Kwa hiyo akawavalisha watu wa kwenda kucheza. Mashoka akadhani ni ya madoido.

Wanafunzi wangu nawafundisha kwamba chanzo cha habari hutajwa kwa jina. Basi nakuuliza kama mwalimu, siyo kama mpwa: nani alivipaka rangi?

Kuhusu idadi, tutaongea.

Ng'washi


Uingereza
25 Mei 2025

Ng'washi,

Marahaba. Huku maua yameanza, na Rose amenikataza kukata nyasi kwa sababu ya nyuki. Usafirishaji unaendelea.

Nimesoma barua yako kwa furaha, hasa pale kwenye mwiba. Bahati mbaya mgunga huku hauoti. Je, mama yako anadhani sindano ingefaa? Na lile tone likikataa kupungua, mtu anafanya nini? Naulizia kwa ajili ya makala fupi ninayoandika.

Kuhusu swali lako. Wakati ule hatukuwa na changu na chako. Tulikula sinia moja, na kazi ya nyumba ilikuwa ya nyumba. Wewe umesoma, unajua mambo ya kale hayapimwi kwa rula ya leo.

Kile kitabu cha michoro nacho sijui kilikwenda wapi. Juzi nilikiona kwenye mtandao, mtu anakiuza. Nilikitazama kwa muda mrefu kwenye kioo cha simu, nikiwa kituoni, abiria wananigongea kioo cha basi. Ule mji juu ya mgongo wa joka ni mdogo kuliko nilivyokumbuka. Miezi bado ni miwili.

Hukusema idadi. Uliandika "tutaongea". Basi tuongee. Katibu anatengeneza kabati la vioo na anataka kujua ni rafu ngapi.

N. Maige


Mabatini
29 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo. Mama anakusalimia, na anasema sindano haifai kwa sababu haina kiu. Nimeandika alivyosema. Pia tumefahamu sasa kwamba usafirishaji ni basi, na mama amefurahi, kwa sababu miaka yote alikuwa na wasiwasi kwamba ni mizigo.

Daraja la Busisi limefunguliwa. Jana nimelivuka kwenda Sengerema, dakika chache tu, mahali tulipokuwa tunasubiri feri mpaka wauza mahindi wanamaliza beseni. Nilikwenda kumwona Revocatus, fundi nyavu aliyekuwa mshirika wa mama kwenye mtumbwi wa dagaa. Nilikwenda kwa sababu nilimuuliza mama mara tatu vijitu vingine viko wapi, na mara zote tatu alinituma dukani.

Rafu moja itatosha. Katika kopo vipo ishirini na vitatu.

Revocatus ni mzee sasa, lakini sindano ya nyavu haijatoka mkononi. Aliniangalia akasema, "Wewe ni wa Sabina, una paji lake," kisha akanisimulia bila kuacha kushona. Mwaka 1996, wewe uko chuo Dar es Salaam, uliandika nyumbani kwamba umepata nafasi ya kusoma Uingereza, lakini nauli huna. Mama na Revocatus wakashona wavu mpya, mkubwa, ili wavue zaidi. Wavu wa dagaa hauzami wenyewe. Kamba yake ya chini hufungwa vipande vya risasi. Risasi ilikuwa adimu mwaka ule. Mama alikuwa nayo juu ya kabati.

"Alikuja na kopo," Revocatus akasema. "Nikamwambia, Sabina, hawa wana macho. Akasema yeyusha hivyohivyo. Nikawayeyusha kwenye sufuria, rangi inapanda juu kama ngozi ya maziwa, naitoa kwa kijiko. Yeye alikaa pembeni ameangalia ziwa. Wengine wakanishinda. Yule wa shoka mkono wake umekaa kiunoni, pana tundu, kamba inapita bila kutoboa. Nikasema huyu ameumbwa kwa ajili ya wavu. Nikamfunga mzimamzima."

Risasi hazichakai, Mjomba. Wavu ukioza hufunguliwa na kufungwa kwenye mwingine. Alinipeleka kwenye kichanja, akavuta kamba ya chini, na hapo, katikati ya vipande vya kawaida, walikuwepo watatu: zimwi, mbilikimo na askari wa anga za juu. Rangi yote imeliwa na ziwa, pua hazipo. Wamezama na kuibuka miaka ishirini na tisa. Revocatus aliwakata akanipa, akafunga mawe mahali pao.

Kwa hiyo nauli yako ilivuliwa na mazimwi yako mwenyewe. Sijui kama katibu ana kabati la jambo hilo.

Niliporudi nilimweka mama mbele ya wale watatu.

"Mama, ni wewe uliyepaka rangi."

"Nani mwingine? Nathaniel mkono wake ulikuwa unatetemeka kama wa bibi harusi."

"Wanamwandika yeye."

"Waache. Mimi nikiandikwa nitapata nini, namba ya mlipa kodi?"

"Ni kazi yako."

"Ni mdogo wangu," akasema, na kwa sauti ile mazungumzo huwa yamekwisha.

Lakini aliosha mikono, akachukua ile nakala ya jarida, akaisogeza mbali na macho ili aione. Akaniuliza wameandika nini chini ya picha. Nikamtafsiria: "Tazama uthabiti wa mkono huu, huyu ni fundi wa kweli." Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaikunja, akaiweka kwenye Biblia.

Mimi siyo mama. Vijitu havitaondoka Mabatini mpaka jarida liandike kwamba vilipakwa na Sabina Maige. Una zaidi ya miezi mitatu kabla ya maonyesho, na hilo ni jina moja tu.

Ng'washi


Uingereza
3 Agosti 2025

Ng'washi mwanangu,

Marahaba. Leo sina habari za maua.

Barua yako niliisoma kituoni, nikaendesha ruti nzima bila kusimama vituo viwili. Sikujua habari za sufuria. Nilikuwa nadhani nauli ilitoka kwenye pamba ya babu yako, na hakuna aliyenirekebisha, nami sikuuliza, kwa sababu jibu lile lilinifaa.

Nitakuambia jambo ambalo Rose mwenyewe halijui. Kwenye maonyesho hawataki vijitu tu. Wameniwekea meza, taa na kioo cha kukuzia. Tarehe 11 Oktoba, saa nane mchana, nitakaa pale nipake rangi kijitu kimoja mbele ya watu, tangu mwanzo hadi macho. Imeshaandikwa kwenye tangazo. Nilikubali mwezi wa Januari, kwa kicheko, nikidhani Oktoba ni mbali.

Nimenunua vijitu kumi na viwili vya mazoezi. Nimeviharibu vyote. Vina nyuso kama watu waliomwagiwa uji. Mkono wangu unatetemeka tangu shuleni, Sabina anajua. Nilikuwa nampelekea vijitu kila Ijumaa, vitano vitano ndani ya soksi, na Jumapili jioni ananirudishia vikiwa na nyuso. Shuleni walipouliza nilinyamaza. Yeye alikuwa amemaliza la saba, hakuchaguliwa, yuko nyumbani anachota maji. Nilijiambia haimgusi, maana shuleni kwetu hafiki. Ukinyamaza ukiwa na miaka kumi na minne, Ng'washi, unashangaa unafikisha hamsini na tatu bado umenyamaza.

Hata ile habari ya Bagika na Bagalu ni uongo wangu. Kile kitabu sikukielewa. Kiingereza changu cha kidato cha pili kiliishia ukurasa wa nne. Niliona watu wamepangwa mistari miwili wanatazamana, wamevaa manyoya, midomo wazi, nikamwambia Sabina ni mashindano ya ngoma. Kanuni zote nilitunga mimi, dadu, maharage, yote. Na shule nzima ikacheza hivyo miaka miwili, hata Pembetatu alikaa akatazama, akashindwa kutusahihisha.

Nakuomba hivi. Mwambie Sabina aniandikie hatua kwa hatua, au anirekodie sauti. Nina muda wa kujifunza kimoja tu. Siku ile ikipita nitawaambia ukweli polepole, kwa wakati mzuri. Kwanza acha nipite pale mbele yao.

Usimwambie kwamba nimeogopa.

Mjomba wako,
Nathaniel


Mabatini
15 Septemba 2025

Mjomba Nathaniel, shikamoo.

Mama hajambo, goti limetulia, ziwa limetulia, dagaa wamekuwa wengi mpaka bei inaaibisha. Shimba atapata mtoto. Mimi bado nashukuriwa kila Ijumaa.

Barua yako ilifika tarehe 4. Nilimweleza mama kwamba unataka kujifunza. Kwamba umeogopa sikumwambia. Alisema mwenyewe, "Ameogopa huyo," kabla sijakunja karatasi. Akaagiza mwiba. Jumapili tulikwenda nyuma ya shule yangu Nyegezi, kwenye migunga, yeye na goti lake, akachagua kwa nusu saa kama mtu anayechagua nyanya. Rangi tulinunua dukani, safari hii ambazo hazijaganda. Kijitu alichagua mwenyewe: lile zimwi la Revocatus, lisilo na pua.

Nilimwambia nitamrekodi kwa simu ili uone. "Mikono tu," akasema. "Uso wangu umetoka Mwaloni." Akakaa uani juu ya kigoda, mchana, jua likiwa nyuma yake, akalipaka. Dakika arobaini na moja. Miaka zaidi ya thelathini hajagusa kazi hii, na alianza kama mtu aliyenyanyuka mara moja kwenda kuzima jiko.

Yote aliyosema yamo kwenye video, lakini nayaandika hapa kwa sababu nimeyasikiliza mara nyingi. "Nathaniel, unaniona? Anza na miguu. Uso uwe wa mwisho, asikuone ukikosea. Usibane kijitu kama unamnyonga kuku, yeye hakimbii, wewe ndiye unayekimbia. Hapa pua imeliwa, siyo kitu, tunamtengenezea kwa kivuli. Sasa macho. Shusha pumzi yote. Umeona tone linavyopungua? Subiri. Wewe hujawahi kusubiri tangu uzaliwe. Haya." Na akagusa mara moja, kisha mara moja tena upande wa pili, na zimwi likaniangalia.

Nililia, sitakuficha. Yeye akauliza kama simu imejaa.

Video ile alikutengenezea wewe, ujifunze kwa siri. Nilitakiwa nikutumie kwenye simu yako jioni ileile. Nilikaa nayo siku tano. Nilijaribu kufikiria ukiitazama jikoni kwenu, unarudiarudia, unaharibu zimwi la kumi na tatu. Halafu nikafikiria kwamba labda ungeweza. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ungekaa pale na mkono wa mama yangu ndani ya mkono wako, watu wakapiga makofi, na ule wakati mzuri wa kusema ukweli usingefika kamwe, kwa sababu siku ile ingekuwa nzuri mno kuiharibu.

Anwani ya barua pepe ya katibu wenu imo chini ya ukurasa wa mwisho wa lile jarida. Nilimtumia video. Nilimwandikia kwamba mikono anayoiona ni ya Sabina Maige, muuza dagaa wa Mwaloni, Mwanza, na kwamba ndiyo iliyopaka vijitu vyote kumi na vinne kwenye picha ya mwaka 1988. Nikamwandikia na jambo ambalo wewe umeliita uongo: kwamba mdogo wake, akiwa na miaka kumi na minne, alipewa kitabu cha vita asichoweza kukisoma, akakifanya kuwa mashindano ya ngoma, na shule nzima ikacheza miaka miwili bila mtu yeyote kufa. Ile ni kazi yako, Mjomba. Hakuna mwingine anayeweza kuidai, na ajabu ni kwamba wewe mwenyewe unaionea aibu.

Katibu alijibu ndani ya saa moja. Anasema watu wake wamecheza vita miaka arobaini na hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Meza yako iko palepale. Video ya mama itaonyeshwa ukutani, na wewe utakaa mezani uwafundishe kucheza kwa kanuni zako. Mkono hautahitajika. Utahitajika mdomo, na huo unao. Jarida la Oktoba litasahihisha jina. Alisema atakupigia mwenyewe, kwa upole, naamini ameshakupigia. Kwa mwendo wa barua zetu hii itakufikia siku mbili kabla ya maonyesho au mbili baada.

Vijitu ishirini na vitatu vimeondoka leo asubuhi kwa kampuni ya vifurushi, kila kimoja ndani ya pamba. Kwenye fomu nimeandika ni mali ya Sabina Maige na kwamba virudi. Wale watatu wa Revocatus wamebaki dirishani kwetu.

Nilipomweleza mama alikuwa anafunga magunia. Alifunga mengine mawili, mimi nikaanza kutafuta pa kwenda. Kisha akauliza, "Wameandika Sabina nani, wa baba yangu au wa baba yako?"

"Maige."

"Hapo sawa." Akavuta kamba ya gunia. "Na mdogo wangu, ataaibika?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama mtu aliyemwagiwa uji."

Hakucheka. Alisema nimefanya vibaya kumrekodi kwa jambo moja nikampeleka kwenye jingine, na kwamba katika nyumba yao huo ni ugonjwa wa ukoo. Ni kweli. Nimechukua kazi yake nikaipeleka nisikotumwa, kama ulivyofanya wewe, na sijaomba ruhusa, kama wewe. Najitetea kwamba mimi niliacha jina lake juu yake. Usiku sijitetei vizuri kama ninavyojitetea kwenye karatasi.

Video niliituma Ijumaa, tarehe kumi na mbili, saa nane mchana, nimesimama nje ya ofisi ya walimu. Mama nilimwambia Jumamosi. Wewe nakuambia leo.

Ng'washi